Maestro na Miezi ya Njaa

Mimi nauza kuku hai katika soko la Manika, Kolwezi, na Maestro alikuwa mteja wangu kabla sijajua kwamba ni maestro. Alikuja na mvua. Mwezi wa kumi, radi za kwanza zikishapiga na vumbi likishalala, nilimwona akiingia kwenye safu yetu na kikapu cha plastiki, anasalimia kila mama, halafu anasimama mbele ya matundu yangu. Hakuangalia rangi wala manyoya kama wateja wengine. Alimnyanyua kuku kwa mbawa, akampima uzito mkononi, akafumba macho kidogo, akasema, "Huyu," au, "Huyu bado." Alikuja hivyo mvua nzima. Kisha baridi ilipoanza kushuka, mwezi wa tano, akakoma. Alipita, akanisalimia, akauliza habari ya watoto, akaenda zake. Juni, Julai, Agosti, asubuhi zile ambazo sisi wauzaji tunazunguka mbabula, jiko la makaa, kupasha vidole, hakununua hata kifaranga.

Mwaka wa pili nikamuuliza. "Tata, kwenu hamukulake kuku wakati ya baridi?"

"Siye tunakulaka, Mama. Ni Mukubwa njo anakatala."

Nikadhani Mukubwa ni baba mkwe wake, mzee fulani mwenye tumbo la kuchaguachagua. Nikampa pole, nikamwambia amjaribishie supu yenye ndimu. Maestro alicheka mpaka akafuta macho, lakini hakunisahihisha.

Ukweli niliujua nilipohamia avenyu yao. Tulitenganishwa na ukuta mmoja wa matofali, na mke wake, aliyekuwa soprano wa kwanza wa kwaya ya parokia, akanivuta kuimba alto. Mukubwa alikuwa chatu. Kwetu huku tunasema boa. Maestro alimpa jina hilo siku alipomleta nyumbani, na siku hiyo nyoka alikuwa mnene kama kidole gumba, analala ndani ya kopo la maziwa.

Alimtoa kwenye karieri, machimboni. Tenori mmoja wa kwaya, kijana krezeri aliyechimba kobalti nje ya mji, alikuwa amekosa mazoezi wiki nzima, na Maestro, ambaye hakuvumilia mtu kukosa mazoezi, akamfuata mpaka shimoni. Alikuta wachimbaji wamegeuza jiwe na kufunua kiota. Mayai mengine yalikuwa bado, mengine yamekwisha kupasuka, na vijana walikuwa wanapiga kila kinachotambaa kwa vyuma vyao. Maestro akaweka mguu wake juu ya mmoja, si kumkanyaga, kumficha. Tenori ndiye aliyetusimulia. Alisema Maestro alisimama hivyo, mguu mmoja umeinama kama daraja, mpaka wote wakarudi kazini. Kisha akamtia nyoka kwenye mfuko wa shati na kumwambia tenori, "Jumamosi saa tisa. Usichelewe."

Kama mwalimu wa kwaya sijaona mwingine wa namna yake. Hakupiga meza, hakupaza sauti, aliongoza kwa vidole viwili tu. Alto mmoja akiteleza nusu ya nota kati ya sauti zetu zote, vidole vile vilisimama, na macho yake yalimwendea moja kwa moja yule aliyeteleza, bila hasira. Watoto walimpenda. Siku moja msichana wa safu ya mbele alijikata mguu kwa kipande cha bati, na Maestro alipoona damu akaishiwa nguvu, ikabidi mabasi, wale wanaume wa sauti nzito, wamkalishe na kumpepea kwa vitabu vya nyimbo. Kuku wa kula nyumbani kwake alichinjwa na mke wake. Yeye alitoka nje, akageuza uso kwenye ukuta mpaka kazi iishe.

Lakini siku ya kumlisha Mukubwa alivuta kigoda chake, akakaa karibu, na kuangalia tangu mwanzo hadi mwisho. Niliona mara moja, nikasema inanitosha. Kuku alikuwa bado anatazama huku na huku. Ilikuwa kama kamba imetupwa, halafu kimya, halafu kile kujizungusha kwa taratibu, na Maestro ameinama mbele, midomo inasogea bila sauti, vile alivyofanya tulipokuwa tunaimba vizuri.

Ni yeye aliyenifundisha majira ya mnyama yule, ingawa sikumuomba. Alipenda kueleza. Alisema wakati wa joto na mvua chatu mchanga anakula na kukua karibu umwone kwa macho. Kwanza panya wadogo, halafu panya wa shambani, halafu vifaranga, halafu kuku mzima, halafu bata. Baridi ikiingia anafunga. Anajikunja mahali pamoja, anakunywa maji kidogo, hata ukimwekea chakula puani anageuza kichwa. "Haiko mugonjwa," Maestro aliniambia. "Mwili yake njo inamuambia angoje. Anaweza kungoja kuliko siye wote." Kabla ya kujivua gamba macho yake yalifunikwa na weupe kama maji ya mchele, na siku hizo alikuwa hataki kuguswa. Mle ndani ya nyumba watu walizungumza kwa kunong'ona. Gamba likishatoka, Maestro alilinyoosha sakafuni na kulipima kwa kitenge cha mke wake. Mwaka mmoja lilikuwa sawa na kitenge. Mwaka uliofuata kitenge hakikutosha, akaomba cha pili. Mke wake alimpa. Baadaye nilimwona akikifua kitenge kile, akakianika, akakifua tena.

Mke wake alikuwa mtu wa Fungurume, mwenye kicheko chepesi, mwepesi pia wa kusamehe. Alimzaa mtoto mmoja, msichana, Dorka, na toka hapo tulimwita Mama Dorka. Alikuwa akija kwangu kusukwa nywele, na hapo ndipo nilipousikia upande wake. Mukubwa alitoka kopo la maziwa akaenda kwenye bidoni, dumu la plastiki lililokatwa, akatoka bidoni akaenda kwenye sanduku la nguo, akatoka sanduku akapewa sehemu ya chini ya kabati. Siku Dorka alipoanza kutambaa, Mukubwa alipewa chumba ambacho kingekuwa cha mtoto.

"Kila mwaka mvua ikiisha, mi njo ninahama," Mama Dorka alisema. "Bitu yangu yote iko kwa salo, fasi ya kupokelea bageni. Mi na mutoto tunalala kwa salo. Bwana anasema ni mwaka hii tu, nyoka atasimama kukomea, atabakia na ile urefu yake. Hasimamake, Ya. Anapunguza tu mwendo." Ya, yaani dada mkubwa, ndivyo alivyoniita.

Kulikuwa na baridi moja mbaya sana, Julai, na umeme ulikuwa unakatika siku baada ya siku. Chumba cha Mukubwa kilikuwa na taa ya kumpasha. Taa ikizimika, Maestro alichemsha maji kwenye mbabula, akayatia kwenye chupa, akazifunga vitambaa na kumwekea kila upande. Chupa zikipoa alichemsha tena. Mama Dorka alikuwa salo na mtoto mwenye kikohozi, wamejifunika vitenge vyote vya nyumba. Siku moja alimwomba chupa moja. Maestro alimpa, mara moja, bila kunung'unika. Halafu akasimama mlangoni akiiangalia ile chupa, mpaka Mama Dorka akamrudishia.

Mtaani watu walisema yao. Ninyi mnajua kwetu huku mtu mwenye nyoka anasemwa vipi: nyoka anatapika mali, na kila mwaka anadai mtu. Lakini Maestro hakuwa na mali. Bati lake lilivuja, viatu vyake vilishonwa mara kwa mara na fundi yule yule. Ungefikiri hilo lingewatuliza watu. Liliwatisha zaidi. Kama nyoka hatoi mali, walisema, basi anamfugia nini?

Mvua zilipokaribia kwisha, mwaka ule Dorka alipoanza kutembea, karieri iliporomoka na tenori wetu akafia mle. Ni yule yule aliyemwona Maestro akimficha nyoka. Hapo maneno yakawa makali. Maestro aliongoza nyimbo za kilio na sijawahi kusikia kwaya ikiimba vile. Wazazi wa marehemu walimshika mikono. Tulizika asubuhi. Mchana nikarudi sokoni, maana kuku hawangoji, na kabla sijavua kitambaa cheusi nikamwona Maestro anakuja na kikapu, yeye pia bado na suti ya maziko, udongo mwekundu kwenye mapindo ya suruali.

"Leo pia, Tata?" nikamuuliza.

"Yeye hayue kama kuko kilio, Mama," akasema, akampima kuku mkononi. "Huyu."

Padri alikwenda kumwona. Maestro alimkaribisha, akampa kiti, akamwambia, "Mon père, iko nakula kuku. Roho hakulake." Padri hakukaa sana. Kwaya aliendelea kuiongoza, kwa sababu hakukuwa na mwingine, na kwa sababu alipoinua vidole viwili hata waliomsema walivuta pumzi.

Mkononi mwake wa kulia, juu ya kifundo, alikuwa na alama za meno, safu mbili zilizopinda. Aliwahi kushika kuku, akaenda kubadilisha maji ya Mukubwa bila kunawa. Mukubwa akamwuma na kung'ang'ania, mabasi wawili walihitajika kumfungua. Nilipomwambia, Tata, huyu siku moja atakumaliza, alinijibu kwa upole kabisa: "Hakukosea. Mukono yangu njo ilinuka kuku." Toka siku hiyo alininawisha mikono kila nilipoingia kwake, sabuni mara mbili, yeye mwenyewe akinimwagia maji. Baridi ikiwepo alitania, "Leo unaweza kuacha, Mama Kuku, amefunga." Sikuacha hata siku moja.

Sasa niseme ile siku.

Ilikuwa mwezi wa kumi, joto lile la kabla ya mvua ambalo linafanya watu wawe wakali bila sababu. Mawingu yalikuwa yamesimama juu ya milima ya udongo wa mgodi, hayashuki. Mukubwa hakuwa amekula tangu mwezi wa tano. Mimi na Mama Dorka tulikuwa barazani, nasuka, amekaa kati ya magoti yangu. Dorka alikuwa amelala salo kwenye mkeka, mchana, mlango wazi kwa ajili ya hewa. Maestro alikuwa uani akitengeneza kigoda.

Nilisikia kitu kama mtu anavuta gunia kwenye simenti. Nikadhani ni uani. Mama Dorka akakitoa kichwa chake mikononi mwangu na kusimama, msuko nusu. Tukatazama ndani.

Mukubwa alikuwa ametoka. Alikuwa amejinyoosha moja kwa moja kando ya mkeka, kichwa upande wa kichwa cha mtoto, mwili unapita miguu ya mtoto na kuendelea mpaka chini ya meza. Hakusogea. Ulimi tu ulikuwa unaingia na kutoka, karibu na shavu la Dorka, na mtoto amelala mdomo wazi, jasho shingoni.

Mama Dorka hakupiga kelele. Aliita, kwa sauti ya chini sana, "Papa Dorka. Kuya."

Maestro akaja, nyundo mkononi. Akaona. Akaiweka nyundo chini taratibu, akapiga magoti, na akaingiza mikono yake yote miwili chini ya nyoka. Alimnyanyua yeye kwanza. Kwa uangalifu, kipande kwa kipande, akimkunja begani ili asiburuzike kwenye simenti, akimwambia maneno madogomadogo. Akampeleka chumbani kwake. Tulimsikia akimweka chini, tukamsikia akimtengenezea vitambaa. Kisha ndipo akarudi kwa ajili ya mtoto, lakini mtoto alikwisha kuwa mikononi mwa mama yake.

"Alitafuta joto tu," Maestro alisema. "Mutoto iko na joto. Ni ile tu."

Mama Dorka alimtazama. Nilikuwa namjua kwa kicheko chake, na uso ule sikuwa nimewahi kuuona. "Ulianza na yeye," akasema.

"Kitu gani?"

"Ulianza kukamata yeye."

Maestro alifungua mdomo na nadhani alitaka kueleza, kwamba ukimtoa mtoto kwanza nyoka anashtuka, kwamba hivyo ndivyo inavyopaswa. Huenda ilikuwa kweli. Mvua ikaanza kupiga bati. Mama Dorka aliondoka jioni ile kwenda Fungurume kwa wazazi wake, nywele upande mmoja zimesukwa, upande mwingine wazi, chini ya kitambaa.

Familia mbili zilizungumza mwaka mzima karibu. Sharti lilikuwa moja: nyoka atoke. Mwishowe, Julai, Maestro akakubali. Mabasi wawili walimsindikiza na pikipiki, nyoka ndani ya gunia, mpaka ng'ambo ya mashamba, kwenye majani marefu ya kando ya Lualaba. Waliporudi walisema gunia lilifunguliwa mbele ya macho yao, nyoka akatoka nusu, akalala pale, mzito, hakwenda popote. Na Maestro alilia kama aliyefiwa, wakambeba. Tulimpelekea bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo siku kadhaa. Watu walianza kumsalimia tena kwa nguvu. Kabla ya mvua akatuambia nyumba ile inamwumiza, amepata kikwaya kidogo Mutshatsha, karibu na reli. Tulimfanyia sala ya kumuaga. Niliimba kwa moyo wote.

Mama Dorka hakumfuata. Alisema bado. Alisema bado miaka kadhaa, mpaka Dorka alipoanza shule na kuanza kuuliza kwa nini wengine wana baba.

Mimi huenda Mutshatsha kununua kuku wa vijijini. Wanakuja na wakulima, ni wakavu lakini wagumu kufa njiani. Mwishoni mwa mwezi wa tisa uliopita, nikiwa pale na matundu yangu, mtu akanisalimia kwa jina la zamani, "Mama Kuku." Nilimtambua kwa vidole. Vingine vyote vilikuwa vimepungua: shingo, mashavu, suti ile ile ikimning'inia. Lakini alikuwa na furaha. Alinishika mkono akaning'ang'aniza nikale kwake.

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, imefagiwa vizuri sana. Kulikuwa na kitanda kipya kidogo salo, na shuka la maua. Alisonga bukari mwenyewe, akaniwekea samaki. Nje joto lilikuwa limebana na mawingu yalikuwa yanapanda upande wa magharibi.

"Banakuya," akaniambia. "Mama Dorka na mutoto. Leo banatoka Fungurume, banalala Kolwezi, halafu train. Nilimuambia miaka yote hii nakaa miye moja, haiko maisha. Akakubali."

Nikapiga makofi, nikamshukuru Mungu. Nilikuwa bado nimeinua mikono aliposema, kwa sauti ile ile ya furaha, "Na Mukubwa pia amekomea. Utaona."

Nilishusha mikono.

"Nilirudia kesho yake kule kwa mto," akasema. "Alikuwa palepale, Mama. Pale pale tulimuacha. Alikuwa ananingoja."

Ilikuwa Julai, baridi ya majani yenye umande, na mnyama asiye na joto lake mwenyewe. Hakuwa na uwezo wa kwenda popote. Maestro ndiye aliyenifundisha hilo. Nilimtazama, na sikuona usoni mwake kwamba anakumbuka.

Akafungua mlango wa chumba cha pili. Sitasema urefu, sikupima. Alijaza kona nzima na bado kulikuwa na mwili uliopita nyuma ya kapu. Alikuwa mnene kama paja langu, gamba jipya, anang'aa, kichwa juu ya mizunguko yake, anatutazama. Maestro alisema sasa anakula mbuzi wadogo, mvua ikiwa nzuri. Tangu mwezi wa tano hajala kitu. Alisema hata juzi alimwekea bata, akakataa. "Lakini anaanza kutembea. Anasikia mvua."

Nikamwuliza, "Mama Dorka anayua?"

"Ataona. Atazoea. Mara hii niliweka mulango."

Mlango ulikuwa wa mbao nyepesi za makreti, na ulifungwa kwa waya.

Alinisindikiza barazani akiwa bado anazungumza, jinsi atakavyomfundisha Dorka kuimba, jinsi atakavyompeleka shule iliyo karibu na kituo. Kisha akanishika kiwiko na kuniuliza, na macho yake yalikuwa na upendo, nitaapa hivyo mbele ya yeyote, "We ulimuona Pasaka. Dorka amekomea? Anakulaka muzuri? Iko na uzito?"

Nikasema ndiyo, amekua. Nikamuaga, nikamwambia nawahi kuku wangu.

Mtandao pale unapatikana kituoni tu, karibu na tangi la maji. Nilikwenda haraka bila kukimbia, kwa sababu nilihisi ananitazama. Simu iliita mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Mama Dorka akaitika, akicheka, nyuma yake honi na watu wanaoita abiria.

"Ya! Tuko parking, tumesha kupanda. Unasikia ile makelele?"

Nikamwambia. Nilisema maneno machache: niko Mutshatsha, nimetoka kwake, nyoka yuko ndani ya nyumba, nimemwona kwa macho yangu, hajala tangu baridi.

Hakuniuliza kama nina hakika. Kisha nikamsikia akisema, si kwangu, "Dorka, shuka."

"Juu ya nini?" sauti ya mtoto ikauliza.

"Shuka. Kamata saki yako ya nguo. Hatuende tena."

Dereva alisema kitu kwa hasira. Mlango wa basi ukaburuzwa. Mtoto alikuwa anaanza kulia, akauliza na Papa je, atabakia yeye moja?

"Hapana," mama yake akamwambia. "Papa haiko peke yake."